Istilahi za Kutunza na Kutengeneza Injini ya Gari Kuukuu: Tuliyojifunza Masasi na Newala

Utangulizi

Wafasiri na walimu wengi hutuandikia wakiuliza neno lipi litumike kwa kifaa fulani cha injini ya gari. Mara nyingi majibu yetu yamekuwa mafupi: tumetoa neno, tukataja maana yake, tukaendelea na swali jingine. Katika makala haya tunakusudia kwenda mbali zaidi kidogo. Tunataka kueleza jinsi maneno ya injini yanavyofanya kazi yanapokuwa mikononi mwa watu wanaoyahitaji, na kuonyesha kwamba katika uwanja huu neno lisilo wazi huweza kumtia mtu hasara, na hata kumjeruhi.

Chanzo cha makala haya ni rasimu ya kijitabu cha matunzo ya gari iliyotufikia ili tuipitie. Ilikuwa imefasiriwa kwa Kiswahili fasaha, na sarufi yake haikuwa na dosari kubwa. Hata hivyo, kabla ya kuipitisha tuliona inafaa isomwe mbele ya watu waliokusudiwa kuitumia. Tukaichukua hadi Masasi, kisha Newala, tukakaa katika karakana na nyua za nyumba ambamo watu hutengeneza magari yao wenyewe, tukawasomea.

Kwa nini Masasi na Newala

Masasi ipo katika nchi tambarare yenye milima ya miamba, magharibi ya Uwanda wa Juu wa Makonde. Newala ipo juu ya uwanda wenyewe, kwenye ukingo unaotazama bonde la Mto Ruvuma na nchi ya Msumbiji ng'ambo yake. Udongo wa uwanda huo hunywa maji ya mvua upesi, kwa hiyo juu yake hakuna mito, na kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuteka maji. Wakati wa kiangazi vumbi ni jingi, na gari linalopanda kutoka chini likiwa na magunia ya korosho hufanya kazi ngumu. Vumbi, mwinuko na uhaba wa maji ni maadui watatu wa injini, na hapa wote hukutana.

Aidha, mikoa ya kusini ilikaa muda mrefu mbali na maduka makubwa ya vipuri. Mpango wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioendeshwa kuanzia mwaka 1947 hadi 1951 ulileta matrekta na mitambo mingi Nachingwea, jirani na Masasi, pamoja na reli kutoka Mtwara. Mpango ulishindwa, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, nchi ilipopungukiwa na fedha za kigeni, vipuri viliadimika kila mahali. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko, na masika yalipokolea safari ya Dar es Salaam iliweza kuwa ya siku nyingi. Mwenye gari katika mazingira hayo hakuwa na budi kujifunza kulitunza na kulitengeneza mwenyewe. Ndiyo maana Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1985 zimedumu kuliko ilivyotarajiwa, na ndiyo maana msamiati wa matengenezo umekomaa katika vinywa vya watu bila ya kusubiri kamati yoyote.

Swali la mzee wa Newala

Kikao chetu cha kwanza Newala kilikuwa chini ya mkorosho, pembeni ya Land Rover iliyokuwa imefunguliwa boneti. Mwenye gari, mzee mwenye umri wa kutosha kutuzaa, alikuwa akisafisha plagi kwa msasa huku akitusikiliza. Tulisoma kwa utulivu mpaka tulipofika kwenye sentensi hii: "Ongeza maji ya betri kila yanapopungua." Mzee akaweka plagi chini.

"Maji yepi, mwanangu?"

Tukajibu kwamba ni maji ya betri, kama ilivyoandikwa. Akacheka kidogo, kisha akamwita kijana wake, akamwambia alete shati. Lilikuwa shati la kazi lililotoboka matundu mengi madogo kifuani. Kijana huyo, kwa maelezo ya mzee, alikuwa ameagizwa dukani kununua maji ya betri. Muuza duka akampa asidi, maana naye huiita maji ya betri. Kijana akaijaza betri iliyopungua maji. Matone yakamrukia kifuani, macho yakanusurika, na betri yenyewe haikumaliza mwaka.

Kosa hili si la kijana wala la muuza duka. Jina moja limebeba vitu viwili. Betri ya gari ina bamba za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji. Betri inapotumika na kuchajiwa, maji ndiyo yanayopungua kwa kugeuka mvuke na gesi, ilhali asidi hubaki. Kwa hiyo kinachotakiwa kuongezwa ni maji matupu yasiyo na chumvi wala madini, yaani maji yaliyokenekwa, ambayo hupatikana kwa kuchemsha maji na kuupooza mvuke wake. Mtu akiongeza asidi, mchanganyiko huwa mkali kupita kiasi na bamba huliwa. Akiongeza maji ya kisima, madini yaliyomo hudhuru bamba hizo hizo.

Kutokana na hayo tunapendekeza kwamba neno "maji ya betri" lisitumike kabisa katika maandishi ya mafunzo. Patumike "asidi ya betri" kwa kile kikali, na "maji yaliyokenekwa" kwa kile kinachoongezwa. Mwandishi akiona neno la pili ni geni kwa wasomaji wake, alieleze mara ya kwanza linapotokea, kisha aendelee nalo bila ya kulibadilisha.

Mafuta ni mengi

Tatizo la pili ni la neno "mafuta". Kwa Kiswahili mafuta ni petroli, ni dizeli, ni mafuta ya taa, ni kilainishi cha injini, ni ya breki, ni ya giaboksi, na ni ya kupikia pia. Katika mazungumzo hakuna taabu, kwa kuwa mahali na kitendo humweleza msikilizaji. Dereva akisema kituoni "nitilie mafuta", hakuna atakayemtilia mafuta ya breki. Katika kijitabu hali ni tofauti. Rasimu yetu ilikuwa na sentensi hii: "Kagua mafuta kabla ya safari." Wasomaji wetu watatu wa Masasi waliifahamu kwa njia mbili: wawili walisema ni kuangalia kipimo cha tangi, mmoja akasema ni kuchomoa kijiti cha injini. Mwandishi alikusudia kijiti cha injini. Mtu anayekagua tangi na kuacha injini bila ya kilainishi atasafiri kwa raha mpaka chuma kisage chuma.

Karakana imekwisha kulitatua jambo hili zamani. Fundi husema "oili" kwa kilainishi cha injini, "petroli" na "dizeli" kwa vinavyochomwa, na "mafuta ya breki" kwa kile kinachopita katika mabomba ya breki. Wengine wetu ofisini huona haya kuandika "oili" kwa kuwa ni neno la kigeni. Haya hiyo haina msingi. "Bomba" ni neno lililotoka kwa Wareno, na kwao lilimaanisha mtambo wa kuvutia maji. Sisi tumelifanya mrija na mfereji, kisha tukaazima "pampu" kwa ule mtambo. "Parafujo" nalo ni la Wareno. "Gari" limetoka Bara Hindi. "Usukani" ulikuwa wa jahazi kabla haujawa wa lori. "Dizeli" ni jina la mtu, Rudolf Diesel, Mjerumani aliyepata hataza ya injini yake katika miaka ya 1890. Lugha haikudhoofika kwa maneno hayo.

Tunapendekeza basi kwamba "oili" itumike kwa kilainishi cha injini, "kilainishi" liwe jina la jumla linalokusanya oili na grisi, na neno "mafuta" lisisimame peke yake katika maelekezo. Kwa ile hali ya oili kuwa nzito au nyepesi, ambayo mafundi huiita "uzito wa oili", neno la kitaalamu ni "mnato". Inafaa walimu walieleze vizuri, kwa kuwa oili yenye mnato mdogo hupita upesi injini ikiwa baridi, lakini katika gari kuukuu, ambalo nafasi kati ya pistoni na silinda zimepanuka, huvuja na kuungua.

Maneno ya maradhi

Jambo lililotufurahisha zaidi ni jinsi mafundi wanavyoizungumzia injini kama kiumbe mgonjwa. Injini hukohoa, huchoka, hula oili, hukosa pumzi, hufa. Lugha hii ina mpango wake, na kila neno huelekeza mahali mahususi pa kutazama.

Injini "inayokula oili" hutoa moshi wa buluu, maana yake oili inapenya na kuungua pamoja na petroli, kwa kawaida kwa sababu ringi za pistoni au vali zimelika. Moshi mweusi huonyesha petroli nyingi kuliko hewa. Mtu huanza kutazama kabureta na kisafisha hewa. Moshi mweupe usiokoma baada ya injini kupata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, huashiria kwamba gasketi ya kichwa cha silinda imeungua au kichwa chenyewe kimepata ufa. Injini "iliyochoka" ni ile iliyopoteza mgandamizo. Mfasiri anayeyajua haya hana haja ya kubuni istilahi ndefu. Atasema "injini inakula oili" na kila mtu atamfahamu.

Lipo, hata hivyo, neno moja la hatari. Ni "kunoki". Kwa asili yake ya Kiingereza neno hili lahusu kugonga: mlio unaosikika ndani ya silinda petroli inapowaka vibaya, au beringi zinapolegea. Katika karakana za kwetu maana imehama. Injini "iliyonoki" ni injini iliyokwisha, iliyoshikana, isiyozunguka tena. Mfasiri wa rasimu yetu hakulijua hilo, akaandika: "Injini ikinoki wakati wa kupanda mlima, punguza gia." Fundi wa Masasi aliposikia alishangaa. "Ikishanoki," akauliza, "hiyo gia utaipunguza ya nini?" Hapa tunapendekeza "kugonga" kwa ule mlio, na "kushikana" kwa injini isiyozunguka. "Kunoki" libaki katika mazungumzo, ambamo maana yake imekwisha kutulia.

Vivyo hivyo, mafundi husema "gari limechemsha" pale ambapo mwalimu wa sarufi angependa "maji ya rejeta yamechemka". Sisi hatuoni sababu ya kuwasahihisha. Usemi huo ni mfupi na hauna utata. Linalotakiwa ni kijitabu kieleze wazi, katika sentensi inayojitegemea, kwamba mfuniko wa rejeta usifunguliwe kabla injini haijapoa. Maji yaliyo chini ya shinikizo hurusha mvuke mara tu mfuniko unapolegezwa, na Newala tuliona mkono uliobabuka kwa ajili hiyo.

Mwanya, plagi na vali

Matengenezo mengi ya nyumbani ni ya kurekebisha nafasi ndogo. Kati ya ncha za plagi pana nafasi ambamo cheche huruka. Kati ya pointi za distribyuta pana nafasi. Kati ya vali na mkono unaoisukuma pana nafasi pia. Katika Land Rover ya petroli yenye injini ya lita 2.25, nafasi ya vali ni milimita 0.25. Ikiwa ndogo kuliko hapo, vali haifungi barabara na huungua. Ikiwa kubwa, injini hulia kama cherehani na nguvu hupungua.

Rasimu ilitumia "pengo" mahali pamoja, "nafasi" mahali pengine, na "uwazi" mahali pa tatu, kwa kitu kile kile. Msomaji anayefuata maelekezo kwa kidole huamini kwamba maneno matatu ni vitu vitatu. Tulipouliza, mzee wa Newala alionyesha meno yake ya mbele akasema, "Huu si mwanya?" Neno hili ni la Kiswahili, lajulikana na watoto, na hutaja hasa uwazi mwembamba kati ya vitu viwili vinavyoelekeana. Tunapendekeza "mwanya wa plagi", "mwanya wa pointi" na "mwanya wa vali", na kile kifaa chenye vyembe vyembamba vya chuma kiitwe "kipima-mwanya".

Kuhusu "plagi" yafaa tahadhari. Injini ya petroli ina plagi ya cheche, ambayo huwasha mchanganyiko wa petroli na hewa. Injini nyingi za dizeli za zamani zina plagi ya aina nyingine, isiyotoa cheche, inayopasha moto chumba cha kuwakia kabla ya injini kuanza. Dizeli yenyewe huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Fundi huziita zote plagi. Katika maandishi tuziite "plagi ya cheche" na "plagi ya joto".

Kwa zile hatua nne za injini, ambazo Nikolaus Otto alizifanikisha mwaka 1876, tumeona wafasiri wakibuni nomino kama "mvuto" na "msukumo". Nomino hizi zimekwisha kupewa kazi nyingine katika fizikia. Ni afadhali kutumia vitenzi-jina: kuvuta, kubana, kusukuma, kutoa. Tulipovitaja kwa mpangilio huo, kijana wa mzee alivirudia mara moja bila ya kukosea, huku akipandisha na kushusha ngumi yake kama pistoni.

Kufungua na kufunga

Hatimaye tutaje vitenzi viwili vinavyoonekana vyepesi. "Kufunga" ni kuzuia kilichokuwa wazi, ni kukaza nati, na ni kurudisha kifaa mahali pake. "Kufungua" nako kuna maana tatu kinyume chake. Mwandishi aliyeandika "fungua kabureta" hakueleza kama alitaka itolewe kwenye injini au ichambuliwe vipande vipande. Tunapendekeza "kutoa" na "kurudisha" kwa kifaa kizima, "kuchambua" na "kuunganisha" kwa vipande vyake, "kulegeza" na "kukaza" kwa nati na bolti. Kwa bolti za kichwa cha silinda, lazima pia kutajwe utaratibu: hukazwa kidogo kidogo kwa awamu, kuanzia katikati kwenda pembeni, hadi kufikia kipimo cha mkazo kilichotolewa na mtengenezaji. Neno "kaza" peke yake limepinda vichwa vingi vya silinda.

Muhtasari wa mapendekezo

Asidi ya betri: kioevu kikali cha ndani ya betri; si cha kuongezwa katika matunzo ya kawaida.
Maji yaliyokenekwa: maji matupu ya kuongezwa katika betri.
Oili: kilainishi cha injini.
Kilainishi: jina la jumla la oili na grisi.
Mnato: uzito au wepesi wa oili katika kutiririka.
Mwanya: nafasi nyembamba inayopimwa kati ya sehemu mbili.
Kipima-mwanya: kifaa cha kupimia mwanya.
Plagi ya cheche, plagi ya joto: ya petroli, ya dizeli.
Kugonga: mlio wa injini. Kushikana: kutozunguka kabisa.
Kutoa na kurudisha. Kuchambua na kuunganisha. Kulegeza na kukaza: kama ilivyoelezwa juu.

Hitimisho

Utaratibu uliozoeleka wa kuunda istilahi hututaka tutafute kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Afrika, na mwisho katika lugha za mbali. Utaratibu huo ni mwema, nasi tunaufuata. Tunaongeza jambo moja tu: katika kutafuta Kiswahili chenyewe, tusiishie katika kamusi. Mwanya tuliupata chini ya mkorosho, na hatari ya "maji ya betri" isingeonekana kwetu bila ya shati lenye matundu.

Tunawaomba wafasiri wa vijitabu vya ufundi wasome rasimu zao kwa sauti mbele ya watu wawili au watatu wenye spana mikononi kabla ya kuzipeleka kwa mpiga chapa. Walimu wa ufundi watuletee maneno wanayoyasikia kwa wanafunzi na mafundi, pamoja na maana yake kamili. Na watumishi wa serikali wanaotoa maelekezo kwa madereva wa magari ya umma wakague kama neno "mafuta" limesimama peke yake katika waraka wowote. Rasimu tuliyoitaja tumekwisha kuirudisha kwa wenyewe ikiwa na masahihisho, na ukurasa wa betri umeandikwa upya wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi katika kazi hii tunaona kwamba nyufa nyingi huanzia kwenye neno moja.